Kupima kipato cha kaya ya katikati vijijini kandokando ya Bukavu, mwaka hadi mwaka

Sensa ya mwisho ya Kongo ni ya 1984. Baadaye ulikuja uchunguzi wa kitaifa unaoitwa 1-2-3, mara ya kwanza 2004–2005 na mara ya pili 2012. Huo unafaa ukitaka kusema jambo kuhusu Kivu Kusini nzima. Ukitaka kujua kaya za grupema moja (kundi la vijiji chini ya shefu mmoja) ya teritwari ya Kabare au Walungu zinapata kiasi gani, na kama hali inapanda au inashuka, uchunguzi wa jimbo haukusaidii: huenda umegusa kaya chache za hapo, au haukugusa hata moja. Itabidi upime mwenyewe, na kupima mara moja si kazi kubwa. Kazi ni kuipata namba ya pili inayoweza kuwekwa kando ya ile ya kwanza bila kumdanganya msomaji.

Tunatumia mediani, yaani kipato cha kaya iliyo katikati ukizipanga zote kuanzia ya chini hadi ya juu. Wastani wa kawaida vijijini hauaminiki. Kaya mbili zenye lori, au moja yenye kisima cha dhahabu Kamituga, zinatosha kuupandisha wakati kaya nyingine zote hazijasogea.

Kabla ya kutoka ofisini

Andika mambo matatu kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo isibadilike hata timu ikibadilika.

La kwanza ni mipaka ya eneo. Lokalite, yaani vijiji vinavyounda grupema, hugawanyika, na mji hupanuka. Sehemu kama Kavumu, penye uwanja wa ndege na soko, hujaa wageni wenye mishahara. Ukiziingiza mwaka huu na mwaka ule ulikuwa umeziacha, mediani itapanda bila mkulima yeyote kuongeza hata beseni moja la maharagi. Chukua alama za GPS za mipaka, kisha orodhesha lokalite kwa majina.

La pili ni kaya. Kanuni inayotumika sana: watu wanaokula kutoka chungu kimoja na wanaolala hapo angalau miezi 6 kati ya 12. Mume mwenye wake wawili wenye majiko mawili ana kaya mbili, naye anahesabiwa pale anapolala zaidi. Kijana anayechimba madini Mwenga miezi tisa kwa mwaka si mwanakaya. Pesa anayotuma inaandikwa kama pesa iliyotumwa, wala mapato yake yote hayaandikwi.

La tatu ni kipato chenyewe, na hapa ndipo chunguzi nyingi huharibika. Kinachoingia: mazao yaliyouzwa, mazao yaliyoliwa nyumbani au kutolewa zawadi, kwa bei ya soko la kijijini, maziwa, mayai, dende (wale wanyama wadogo wa kufugwa kama sungura) na kuku waliouzwa au kuliwa, kibarua cha shambani, mshahara na prime (nyongeza) ya mwalimu au muuguzi, faida ya biashara ndogo, kasiksi (pombe ya ndizi), makala (makaa), pikipiki, kodi ya nyumba au shamba, pesa na vitu vilivyotumwa na ndugu. Kisichoingia: zamu ya likelemba (mchango wa kupokezana), mgao wa AVEC, yaani kikundi cha kijiji cha kuweka akiba na kukopa (isipokuwa ile riba iliyozidi akiba yako), mkopo, mahari, bei ya shamba au ng'ombe aliyeuzwa ili kulipa hospitali, na siku za salongo (kazi za pamoja za kijiji). Kuuza ng'ombe ni kubadilisha mali kuwa noti. Ukiihesabu kama kipato, kaya iliyofilisika mwaka huo itaonekana tajiri kuliko jirani zake.

Toa gharama: mbegu (hata zilizotoka ghalani mwake), kibarua alichomlipa mtu, bwasa ya shamba la kukodi, usafiri hadi soko, ushuru wa soko na wa barabarani. Kalinzi inayolipwa mara moja ili kupata ardhi iandike pembeni kama ununuzi wa mali. Bwasa ya kila msimu ni gharama. Waulizaji wageni huzichanganya hizi mbili mara nyingi, kwa hiyo ziwe na mistari miwili tofauti kwenye fomu.

Orodha ya kaya

Usianze na daftari la shefu peke yake. Mara nyingi linasahau wajane wanaoishi kwa watoto, wahamaji wa vita, Wambuti, na wapangaji wasio na shamba, ambao ndio wengi upande wa chini wa mediani. Daftari la eneo la afya ni bora zaidi, kwa sababu wahudumu wa jamii (wale RECO) hupita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo na ugawaji wa vyandarua. Nalo lina kasoro yake: vyandarua vikigawiwa, kaya moja hujigawa kuwa mbili. Chukua madaftari yote mawili, yaoanishe, halafu pita mwenyewe na RECO wa hapo ukiandika namba ya kila mlango. Eneo la kaya 900 lenye vilima linahitaji watu wanne kwa muda wa wiki moja hivi.

Ruhusa ziombwe kwa utaratibu: ofisi ya shefferi, shefu wa grupema, shefu wa lokalite, na kwa upande wa afya daktari mkuu wa zoni pamoja na muuguzi mkuu wa kituo. Usifike na jipu yenye nembo ya shirika la misaada. Watu wakihisi msaada unakuja, mapato yanashuka mdomoni. Wakihisi ushuru, yanashuka vilevile.

Kwenye orodha, chagua kwa hatua sawa. Kaya 900, sampuli ya 100: gawanya, utapata 9. Chagua kwa bahati namba kati ya 1 na 9, tuseme 4, kisha chukua ya 4, 13, 22, na kuendelea. Panga orodha kwanza kufuata lokalite na umbali kutoka barabarani, ili hatua hizo zipite kila mahali. Kaya isiyopatikana irudiwe mara tatu kwa siku na saa tofauti, mojawapo iwe jioni. Usichukue jirani kwa haraka: walio nyumbani saa nne asubuhi ni wazee, wagonjwa na wenye duka, na hao si picha ya kijiji.

Sampuli iwe kubwa kiasi gani? Kwa mediani kuna njia nyepesi isiyohitaji kompyuta. Panga vipato, n ikiwa idadi ya kaya zilizohojiwa, kisha mpaka wa chini wa uhakika wa 95% uko kwenye nafasi ya n/2 − 0.98√n, na wa juu kwenye 1 + n/2 + 0.98√n. Kaya 60 zinakupa nafasi ya 22 na ya 39. Kaya 100: ya 40 na ya 61. Kaya 200: ya 86 na ya 115. Tazama vipato vilivyo kwenye nafasi hizo. Hiyo ndiyo kingo ya makosa yako. Kama eneo zima lina kaya 300 na umehoji 100, kingo hupungua, kwa sababu umeshaona theluthi ya watu wote: zidisha ile 0.98√n kwa √((300 − 100)/299), yaani 0.82, nawe utapata nafasi ya 42 na ya 59. Kinyume chake, ukichagua lokalite tano tu na kuhoji 20 katika kila moja, kingo hupanuka kwa kuwa majirani hufanana. Kwenye eneo dogo ni afadhali kutembea kote.

Mahojiano

Usiulize kamwe "kwa mwezi unapata ngapi?" Jibu litakuwa dola 50 au 100, na mediani yako itakwama kwenye namba ya duara kwa miaka kumi. Jenga kipato kipande kwa kipande, kila kipande kwa muda wake: mazao kwa msimu, biashara na kibarua kwa siku 30 zilizopita, mshahara kwa miezi 3, chakula cha shambani kilicholiwa kwa siku 7, mifugo na pesa iliyotumwa kwa miezi 12. Ukishapata vyote, vigeuze kuwa vya mwaka mmoja.

Misimu ya Kivu ndiyo inayopanga ratiba. Msimu A unapandwa Septemba na kuvunwa Januari. B unaanza Februari na kwisha Juni. C ni wa mabondeni, kiangazi. Pita mara tatu kwa mwaka: Februari, Julai, na Oktoba au Novemba wakati ghala ni tupu. Kama bajeti inaruhusu mara moja tu, chagua Julai, na mwaka unaofuata iwe Julai tena. Namba ya Februari ikilinganishwa na ya Novemba inapima mvua na mavuno, haipimi maendeleo.

Mwulize mwanamke peke yake na mwanaume peke yake. Mwanamke ndiye anayejua mihogo iliyotolewa shambani kidogokidogo, sambaza (samaki wadogo) aliyouza, vikapu vya mboga. Mume anajua ndizi za kasiksi, kahawa, ng'ombe. Wakiwa pamoja, mmoja hunyamaza. Mihogo ina tabu yake ya pekee kwa kuwa haivunwi siku moja: uliza "mara ngapi kwa wiki mnachimba, na kila mara vikapu vingapi", usiulize jumla ya mwaka.

Vipimo vibebe ushahidi. Mtu atakwambia gigozi (kopo la maziwa ya unga linalotumika kupimia), beseni, bido (dumu), gunia. Beba mizani ya kilo 5 na ya kilo 50, na kila mzunguko pima kwenye soko la hapo: gigozi ya maharagi yenye kilele, gigozi ya unga iliyosawazishwa, beseni ya mihogo mikavu, gunia la makala. Gunia ni msaliti. Jina halibadiliki, lakini linashonewa kichwa cha majani na mwaka huu limebeba zaidi kuliko mwaka jana. Andika aina ya zao pia, maana maharagi madogo hujaza kopo kuliko makubwa.

Pesa andika kwa sarafu iliyopokelewa. Mkulima anauza kwa faranga, ng'ombe huuzwa kwa dola, mwalimu analipwa faranga. Ugeuzaji uufanye ofisini kwa bei ya kambisti (mbadilisha pesa) wa soko la karibu wiki ile, usitumie bei ya benki kuu. Kwa pesa ya kwenye simu, andika kiasi kilichobaki mkononi baada ya kutoa. Tangu benki zilipofungwa Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, tofauti kati ya salio la simu na noti si jambo la kupuuza.

Mahojiano mazuri huchukua kama saa moja na nusu. Muulizaji mmoja, kaya nne kwa siku; akileta nane, nusu yake alizijaza chini ya mti. Msimamizi arudie kaya moja kati ya kumi kwa maswali matano tu (idadi ya watu, mashamba, mifugo, kazi ya mwisho ya kibarua, mavuno ya maharagi) na kulinganisha.

Kuhesabu

Kama sampuli ilichaguliwa kwa hatua sawa, panga vipato vya kaya 100 na chukua katikati ya cha 50 na cha 51. Kama lokalite nyingine zilipewa nafasi kubwa zaidi, kila kaya ipewe uzito, yaani idadi ya kaya inazowakilisha. Jumlisha uzito kutoka chini kwenda juu. Kaya inayofikisha nusu ya uzito wote ndiyo mediani. Usichukue mediani za lokalite tano ukazifanyia wastani. Jibu hilo si mediani ya grupema, na laweza kuwa mbali sana nayo.

Wakati mwingine data ya zamani iko kwenye makundi tu, kama ripoti ya shirika fulani iliyobaki kwenye kabati. Mfano wa kufundishia, dola kwa mwezi: chini ya 40 kaya 22, 40 hadi 80 kaya 34, 80 hadi 120 kaya 28, 120 hadi 200 kaya 24, zaidi ya hapo 12. Jumla 120, nusu yake 60. Makundi mawili ya kwanza yana 56, kwa hiyo kaya ya 60 iko ndani ya kundi la tatu, hatua 4 kati ya 28. Mediani = 80 + (4 ÷ 28) × 40 = karibu 86. Njia hii inadhani kaya zimesambaa sawasawa ndani ya kundi, na watu wanaopenda kusema "100" huivunja dhana hiyo. Tumia makundi membamba pale unapotarajia katikati. Kule juu, kundi moja pana linatosha, kwa sababu mediani haijali tajiri ana kiasi gani.

Toa pia mediani ya kipato kwa kila mtu. Wana wanaoa, wanajenga pembeni, kaya moja inakuwa mbili ndogo: mediani ya kaya inashuka bila mtu yeyote kula kidogo zaidi. Baada ya wimbi la wakimbizi kupokelewa na ndugu hutokea kinyume chake.

Bei, mahali pa kukaa muda mrefu

Dola moja ilikuwa kiasi cha faranga 920 mwaka 2012, karibu 1,600 mwishoni mwa 2017, karibu 2,000 mwaka 2021, na kama 2,800 mwaka 2024. Anayeonyesha mfululizo wa faranga bila kurekebisha anaonyesha historia ya faranga. Wengi hukimbilia dola wakidhani wamemaliza tatizo. Hawajamaliza: sabuni, petroli na unga hupanda hata kwa dola, na barabara ikifungwa au mpaka wa Ruzizi ukifungwa kama Machi 2020, bei za Kabare hazifuati za Kinshasa.

Tengeneza kikapu chako. Vitu 10 hadi 12 vinatosha: unga wa mihogo, maharagi, unga wa mahindi, viazi vitamu, mawese, sambaza, chumvi, sukari, sabuni ya kipande, makala, kitenge, na nauli ya pikipiki kutoka kijijini hadi soko kubwa. Kiasi cha kila kimoja kitoke kwenye kaya za katikati za mzunguko wako wa kwanza (tuseme zile kati ya nafasi ya 30 na ya 70), na kisibadilike. Bei zikusanywe kwa wauzaji watatu, kwenye masoko mawili, siku ya soko, kila mwezi kama RECO anaweza kukusaidia.

Hesabu: kikapu kiligharimu faranga 148,000 mzunguko wa kwanza, 192,400 wa pili. Gawanya, 1.30. Mediani ilitoka 210,000 hadi 262,000 kwa mwezi. Inaonekana imepanda kwa robo. 262,000 ÷ 1.30 = 201,500. Kwa uwezo wa kununua, kaya ya katikati imeshuka kwa 4%.

Kuna mtego mmoja zaidi ambao hauonekani haraka. Kwa kaya inayokula sehemu kubwa ya kile inacholima, bei ya maharagi ikipanda mara mbili, "kipato" chake kinapanda nacho kwenye jedwali, ingawa sahani ni ileile. Kikapu kinarekebisha sehemu ya kosa hilo, mradi bei uliyotumia kuthamini chakula cha nyumbani na bei iliyo kwenye kikapu zitoke soko moja. Ukithamini kwa bei ya soko la Kadutu mjini Bukavu na kikapu chako ni cha soko la Mudaka, kijijini, umejaza kipato kwa nauli na faida ya wachuuzi. Andika chakula cha nyumbani pia kwa kilo, kando ya pesa. Ni ukaguzi mzuri kuliko fomula yoyote.

Je, kweli kimebadilika?

Mzunguko wa kwanza mediani 85, kingo 74 hadi 99. Wa pili 97, kingo 84 hadi 112, zote kwa bei za mwaka wa kwanza. Watu watashangilia hizo 12. Pata kosa sanifu la kila moja kwa kugawanya upana wa kingo kwa 3.92: 25 ÷ 3.92 = 6.4 na 28 ÷ 3.92 = 7.1. Kosa la tofauti ni mzizi wa (6.4² + 7.1²), karibu 9.6. Gawanya: 12 ÷ 9.6 = 1.25. Chini ya 1.96 (kiwango cha uhakika wa 95%), usiandike "kipato kimepanda". Andika kwamba makadirio yamepanda lakini tofauti iko ndani ya kosa la sampuli.

Hapo ndipo faida ya kurudi kwenye kaya zilezile inapoonekana. Hesabu ni kaya ngapi ziko chini ya mediani katika mizunguko yote miwili. Kama ni 40 kati ya 100, uhusiano ni 4 × 0.40 − 1 = 0.6. Kosa la tofauti linakuwa mzizi wa (6.4² + 7.1² − 2 × 0.6 × 6.4 × 7.1), karibu 6.1, na 12 ÷ 6.1 ni 1.97. Kaya zilezile, maswali yaleyale, na sasa umefika mlangoni mwa uhakika. Umefika mlangoni tu: kosa dogo kwenye mizani lingeweza kukurudisha nje.

Kaya za kudumu zina ugonjwa wao. Zinazohama ni vijana, au waliofilisika, au waliofanikiwa wakajenga Bukavu. Ukibaki na waliobaki unapima wazee wenye ardhi. Tunapendekeza nusu ya kudumu na nusu mpya kila mzunguko, hiyo nusu mpya ikitoka kwenye orodha iliyofanywa upya. Kaya iliyogawanyika ifuatwe kwa kiongozi aliyebaki nyumbani, na kaya ya mtoto iingie kwenye orodha mpya kama nyingine yoyote.

Unapokuwa na kaya chache mno

Kaya 25 kwa mwaka hazisemi kitu, lakini miaka minne ya kaya 25, zikiwa zimerekebishwa kwa bei, ni kaya 100. Marekani hufanya hivyo rasmi: kwa maeneo madogo, uchunguzi wao wa American Community Survey hutoa makadirio ya miaka 5 iliyounganishwa. Sharti ni kulinganisha vipindi visivyokanyagana, 2009–2013 na 2014–2018 kwa mfano. Ukilinganisha 2013–2017 na 2014–2018, miaka minne kati ya mitano ni ileile.

Njia nyingine ni kuazima nguvu kutoka kwa vitu vinavyoonekana. Mwaka 1979 Fay na Herriot walionyesha namna ya kukadiria kipato katika vijiji vya Marekani vyenye watu chini ya 1,000 kwa kuchanganya sampuli ndogo na utabiri unaotokana na taarifa nyingine. Kwetu utabiri hutoka kwenye mabati, sakafu ya simenti, simu, mifugo na ukubwa wa shamba, vilivyopimwa kwenye lokalite nyingi. Uzito wa sampuli ni A ÷ (A + D), D ikiwa mraba wa kosa la sampuli na A mraba wa kosa la utabiri. Sampuli imesema 85 kwa kosa la 12, utabiri umesema 70 kwa kosa la 9: uzito ni 81 ÷ 225 = 0.36, na jibu ni 0.36 × 85 + 0.64 × 70, karibu 75. Picha za mwanga wa usiku kutoka setilaiti ziache. Kijiji kisicho na umeme ni cheusi kikiwa maskini na ni cheusi kikiwa na nafuu. Utakachopima ni mwanga wa Bukavu. Picha za mchana za Sentinel-2, zilizoanza 2015, zinaweza kusaidia kuona makazi yanavyopanuka, basi.

Miaka ya nyuma isiyopimwa

Usimwulize mtu kipato chake cha 2012. Hakumbuki, na hata akitaja namba ataikisia kutokana na hali yake ya leo. Uliza anachokumbuka: mwaka aliopandisha mabati, mwaka aliouza ng'ombe wa mwisho, na siku moja ya kibarua cha kulima ililipwa ngapi wakati huo. Tumia kalenda ya matukio, siyo tarehe: vita vya Bukavu vya Juni 2004, tetemeko la Februari 3, 2008, marufuku ya uchimbaji ya Septemba 2010 hadi Machi 2011, kufungwa kwa mpaka 2020, M23 kuingia Bukavu Februari 2025. Migomba kukauka kwa ugonjwa wa mnyauko nayo ni alama nzuri, ingawa kila kilima kina mwaka wake.

Ujira wa kibarua ugeuze kuwa gigozi za maharagi za msimu ule. Watu wanaosahau bei zote mbili mara nyingi hukumbuka kwamba siku moja ya jembe ilinunua gigozi mbili, au moja na nusu. Mfululizo huo si mediani ya kipato na usiuite hivyo; unaonyesha mwelekeo wa upande wa chini, walipo wasio na ardhi ya kutosha. Uchore kwa mstari wa nukta, na mediani zilizopimwa kwa mstari kamili.

Jedwali la mwisho na faili

Kila mstari wa jedwali uwe na: mwezi na mwaka wa mahojiano, idadi ya kaya zilizohojiwa na zilizokataa, mediani kwa faranga za wakati ule, bei ya kambisti, kiwango cha kikapu, mediani kwa bei za mwaka wa msingi, kingo ya chini na ya juu, mediani kwa kila mtu. Kama kaya zilizokataa zimezidi moja kati ya kumi, sema ni za lokalite zipi. Namba za mwisho zipunguze: dola 75, siyo 75.43.

Majina ya watu na namba za milango yawe kwenye daftari tofauti na vipato, yaunganishwe kwa namba ya siri tu, na nakala ya fomu isibaki kijijini. Orodha inayoonyesha nani ana ng'ombe na nani ametumiwa pesa kutoka Kinshasa ina wateja wengine kabisa katika maeneo yetu. Simu za waulizaji zifutwe kila jioni baada ya data kuhamishwa, na fomu za karatasi zisafiri siku hiyohiyo pamoja na msimamizi.